Kata Moja kwa Nyuso Nne

Kila asubuhi mama mkwe alifungua kufuli la kisima cha mvua, akachota kata moja, akaimimina kwenye beseni la bati lenye maua mekundu. Kata hiyo iliwatosha watu wanne kunawa uso. Mzee Nie alitangulia, akafuata mwanawe Baocang, kisha mama mkwe mwenyewe, na Qiaolan, mke wa Baocang, alimalizia. Masalio aliyanywa kondoo. Hapa Huining ndivyo tulivyolelewa, na anayemwaga maji tunamhesabu mwendawazimu.

Mwaka wa pili wa ndoa mvua iligoma na maji ya beseni yakawa mazito. Baka jeusi la Mzee Nie lilibaki majini, likahamia shavuni kwa Qiaolan. Wiki iliyofuata alipata kovu la Baocang, kisha makunyanzi yote ya mama mkwe. Wale watatu walitakata, wakawa hawabanduki kwenye kioo. Sura ya Qiaolan, pamoja na kishimo chake cha kidevuni, ilimtoka alipojisugua, na kondoo akainywa. Siku ya tatu kondoo alikuwa nayo. Ilimkaa vizuri. Baocang alisema tu kwamba huyo asichinjwe.

Zikaja habari kwamba Mama Xin, mamake Qiaolan, atakuja kumtazama, mara ya kwanza tangu harusi. Qiaolan alipiga magoti jikoni.

"Mama, nakuomba nusu kata ya peke yangu. Kondoo anawe, nami nifuate, sura yangu irudi. Mama yangu anijue."

"Nusu kata nzima? Kwa uso tu?" Mama mkwe aliendelea kumenya viazi. "Maji umeyavulia nguo, mwanangu. Yaoge."

Mama Xin alifika na mfuko wa aprikoti kavu. Kwa kuwa ni mgeni, alipewa kata nzima ya maji safi. Qiaolan alimkimbilia.

"Mama, ni mimi!"

"We bibi nawe kwa utani!" Mama Xin alicheka, akampita, akamwona kondoo zizini. "Qiaolan! Mbona umekonda hivi, mwanangu? Na haya manyoya je?"

Baocang alifungua kinywa. Mama yake alimtazama, naye akakohoa, akasema chai tayari. Ilikuwa aibu, na kila aliyekuwapo aliijua.

Baada ya kula, Mama Xin alisema anakwenda na mwanawe, akapumzike kidogo kwao. Mama mkwe alifikiri. Kondoo hakamuliwi tena na kunywa anakunywa, na mikono ya kuchimba viazi inabaki.

"Mchukue tu, dada. Ni damu yako."

Mama Xin alimfunga kondoo kitambaa shingoni asipigwe na baridi. Langoni alimshika Qiaolan mkono.

"Asante, bibi, kwa kunitunzia. Kwangu atanawa wa kwanza, hata kisima kikauke."

Qiaolan aliwatakia safari njema. Walipanda kilima, mama akiongea njia nzima.

Kesho yake Qiaolan alinawa wa mwisho. Alipotaka kuondoa beseni, mama mkwe alimrudishia.

"Kondoo hayupo," alisema. "Yanywe wewe, yasipotee."