Jino la Ndinda

Jumamosi asubuhi, nyuma ya soko la Mwala, Mutanu alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la plastiki, akichovya bodi za simu kuukuu ndani ya asidi ili dhahabu ibanduke. Mvuke ulimchoma macho kama kawaida. Mgongoni, binti yake Ndinda, ambaye ndiyo kwanza ameanza kukaa, alikohoa kama kawaida. Mutanu alipomgeuza amnyonyeshe, aliumwa. Akamfungua mdomo, akaona jino la kwanza. Lilikuwa la dhahabu.

Nyumbani, mama mkwe wake, Mutindi, alitaka kujua jambo moja tu: limeota chini au juu? Mtoto anayeanza na meno ya juu, wazee husema, huleta mkosi. Lilikuwa la chini. Bibi akamshukuru Mungu, akarudi kuchagua ndengu.

"Ni dhahabu, mwaitu," Mutanu alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Si niko na macho? Mimi hicho kikohozi ndicho sitaki. Mtoto asirudi kwa hiyo asidi."

Mutanu alikiogopa kikohozi hicho kuliko mtu yeyote. Lakini mvua ilikuwa imekataa, shamba limekauka, na kazi nyingine hakuna.

Habari za Mwala hazina breki. Jumapili baada ya ibada, Musau, mwenye zile bodi, alifika na mkate na mizani ndogo ya sonara. Alimchekesha mtoto, kisha akachungulia kinywani.

"Mama Ndinda, mimi si mtu mbaya," alisema. "Lakini hiyo dhahabu imetoka kwa bodi zangu."

Hilo Mutanu hakuweza kulipinga.

"Na kikohozi kimetoka kwa nani?" Mutindi aliuliza.

Musau alifikiri kwa haki kabisa. "Hicho, mama, ni cha mtoto mwenyewe."

Wakaelewana kwamba jino lising'olewe. Siku litakapodondoka lenyewe, halitarushwa juu ya paa kama meno ya watoto wengine, litapelekwa kwa Musau. Kabla ya kuondoka aliomba, akayaombea na meno yaliyobaki yatoke salama.

Usiku Mutanu alilia kidogo, mtoto akiwa kifuani.

Jumatatu alipofika kazini, alikuta Musau amemnunulia Ndinda kiti kidogo cha plastiki, amekiweka karibu na beseni. Mutanu alisema asante, akamkalisha.