Uzi Usiokatika

Mkono ni wangu, na uliovunjika ni wa kulia, kwa hivyo mtu asinambie ninyamaze. Jumanne, baada ya sala ya alasiri, jiwe la mizani, chuma cha kilo moja, lilitoka ghorofa ya pili likaniangukia kifundo cha mkono, hapa barazani kwangu Malindi, mbele ya wanywa kahawa wote. Nilipopata pumzi, neno la kwanza halikuwa la kumtaja Mungu. Nilinyoosha kidole cha mkono uliobaki, nikapiga ukelele: "Nassra kanikusudia! Mumeona wenyewe, kanikusudia!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilipelekwa hospitali, nikatiwa plasta mpaka kwenye kiwiko, na niliporudi mtaa mzima ulikuwa unalisema lile neno langu kama sala.

Nassra anakaa juu yangu, mwaka wa thelathini na moja huu. Miguu yake ilizikataa ngazi zamani, basi dunia yake inapita kwenye kikapu. Hukiteremsha kwa kamba dirishani, mie nnamtilia samaki, mkate, dawa zake za presha, naye huvuta. Humo ndani hulaza jiwe la mizani la dukani kwa marehemu baba yake, ili upepo usikipeperushe kikapu. Nikipika kitu humtilia na sahani, na sahani yangu haijapata kurudi tupu hata siku moja. Mtu hatoki nje, lakini nitarudishiwa na ndimu mbili, au visheti, au kipande cha halua sijui kakipata wapi.

Wiki ile lakini tulikuwa hatusemezani. Alimwaga maji ya kufulia dirishani yakaniharibia kofia ya viua, vile vitundu vya kushonwa kwa mkono, niliyoitoboa na kuishona miezi miwili niiuze. Samaki wake nikimtilia vile vile. Kununa ni kununa na njaa ni njaa. Jumanne akikiteremsha kikapu, ndipo kamba ikakatika.

Jumatano akaja Muzdalifa, mtoto wa kaka yangu, wakili, na begi lake na maneno yake.

"Shangazi, unasema kakusudia. Kukusudia kunataka ithibitike kwamba alitaka likuangukie, au alijua kwa hakika litakuangukia na bado akaliachia. Alikuwa anakuona?"

"Hanioni. Kibaraza cha ghorofa ya kwanza kinamziba. Husikia sauti tu."

"Na wewe ulikuwa unasema?"

"Nisemeje na mtu niliyemnunia?"

"Basi la kukusudia halisimami. Tuje kwenye uzembe." Akahisabu kwa vidole, huyu mtoto niliyemfunza mie kuhisabu. "Anayening'iniza jiwe juu ya njia ya watu ana wajibu wa kuwachukulia hadhari walio chini. Kamba ni mbovu, kaiacha vile vile: wajibu kauvunja. Wewe umeumia, na umeumia kwa sababu ya kamba ile, si kwa jambo jengine. Hapo unadai fidia."

"Fidia ndiyo nini hasa?"

"Ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla hajaumia. Kwa kadiri pesa inavyoweza."

"Pesa haijui kutoboa kofia."

"Ndiyo maana nkasema kwa kadiri." Akacheka, kisha akashika kalamu. "Suali la mwisho. Wewe mwenyewe hukuchangia? Maana na aliyeumia akiwa kazembea, lawama hugawanywa."

"Mie? Mie nlikuwa nimekaa na sindano yangu!"

Astaghfirullah. Niliongopa mchana kweupe.

Mwezi uliopita Nassra alinambia kamba imechakaa, nimwambie mtu amnunulie mpya. Nikamcheka. "Kamba mpya ya nini, na mie nipo? Teremsha hiyo." Nikapashika palipochanika, nikapazungushia uzi wangu wa kofia, ule mwekundu, mizunguko arubaini, nikaufunga fundo la kofia. "Vuta," nikamwambia. "Itakatika nyumba, uzi wa Zeyana haukatiki." Uzi wa kofia, jamani, kushikilia kilo ya chuma! Hata fundi cherehani anayeanza kazi asingefanya. Lakini mimi sikutaka kuambiwa kuna kitu uzi wangu haukiwezi, na Nassra aliniamini.

Usiku nikajiambia watauona uzi wenyewe, mie sina haja ya kusema. Nilikuwa na hofu, basi. Nani atanunua kofia kwa mwanamke ambaye uzi wake umekatika?

Alkhamisi asubuhi akaja Himid, mwanawe Nassra, kutoka Chwaka, kabeba mtungo wa changu. Alianza juu kwa mama yake, akateremka na ile kamba iliyokatika ndani ya mfuko.

"Shikamoo Bi Zeyana."

"Marahaba, baba. Karibu."

Hakukaa. "Mama kakiri," akasema, na uso wake ulikuwa umemshuka mpaka nikamwonea huruma. "Kasema alijua kamba mbovu na hakumwambia mtu. Gharama zote za mkono ni juu yangu. Na kesho baada ya sala ya Ijumaa nnamchukua Chwaka. Peke yake hawezi tena, ataua mtu."

Chwaka. Nyumba ya watoto wadogo na mkwe, watu wema, lakini Nassra amezaliwa mjini na kilichombakia mjini ni dirisha lile. Na mimi juu yangu patakuwa kimya.

Muzdalifa, aliyekuja tena asubuhi ile kwa ajili ya madai, kaitoa kamba mfukoni, kaigeuza geuza. "Hii haikuchanika. Ncha hii imekatwa kwa mkasi."

Nikatazama. Uzi mwekundu haupo hata mmoja. Nikainuka.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Juu."

Ngazi za nyumba zetu hizi zimesimama wima, na mie mkono mmoja umefungwa shingoni. Nilipanda kwa matako na kwa dua. Nassra alikuwa kakaa kitandani, nguo zake ziko kwenye bunda, kikapu kitupu walichompandishia watu kiko karibu yake.

"Uzi wangu uko wapi?" nikamuuliza. Hata salamu sikutoa.

Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Ulikuwamo, umejikunjakunja, na vinyuzi vya kamba vimeungana nao.

"Kwa nini, Nassra?"

"Wewe unauza nini pale barazani, Zeyana? Unauza uzi usiokatika. Mie siuzi kitu."

"Na mie nimekuita mkusudiaji mbele ya mtaa mzima."

"Nilisikia. Miguu ndiyo mibovu, masikio mazima." Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Iliniuma, shoga yangu. Nililia siku ya kwanza na ya pili. Kisha nikasema, basi, kaumia yeye."

Hapo nikalia mimi. Nililia kwa sauti, na pua, na kila kitu, na yeye akanifuta kwa pindo lile lile la kanga. Nilimpenda vile ambavyo sikuwahi kumwambia kwa miaka thelathini na moja, nikamwambia.

Kisha nikaenda dirishani. "Enyi wanywa kahawa!"

"Naam!" wakaitika, vichwa vyote juu.

"Nassra hakunikusudia! Nilisema uongo kwa hasira. Kamba alitaka kununua mpya, mie nikamkataza, nikaiunga kwa uzi wa kofia. Na uzi umekatika! Wa Zeyana, ndiyo, umekatika! Anayetaka kucheka acheke sasa, kesho sitaki kusikia."

Mmoja akacheka. Wengine wakasema alhamdulillahi. Bwana mmoja akauliza kama kofia yake ya Idi bado itakuwa tayari, nikamwambia angoje mkono upone kama nnavyongoja mimi.

Nilipogeuka, Himid na Muzdalifa walikuwa mlangoni wanahema.

"Shangazi," Muzdalifa akasema, "kesi umeshaiua kwa mdomo wako."

"Sijaiua, ndiyo kwanza nnadai." Nikamgeukia Himid. "Baba, gharama za hospitali tutagawana, maana na kosa tumegawana. Lakini huyu wakili kanisomesha kwamba fidia ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla hajaumia. Mimi kabla sijaumia juu yangu alikuwapo Nassra. Nirudishie."

Himid akamtazama mama yake. Nassra alikuwa kauinamia mkono wangu, kashika vidole vinavyotokeza kwenye plasta, anavipapasa kimoja kimoja.

"Unataka kubaki, mama?"

"Nani alikuwa kaniuliza?" akasema.

Himid akalichukua lile bunda kitandani, akalirudisha kabatini. Akaja dirishani akachungulia chini, anakisia.

"Basi nnunue kamba ya urefu gani?"

"Ya kufika kwa Zeyana," Nassra akajibu. "Na yeye asiiguse."