Meneja na Mchele wa Shangazi

Mbwa wetu anaitwa Meneja kwa sababu hana kazi yoyote, lakini lazima awepo kila kazi inapofanyika. Ukifagia, yupo. Ukishusha magunia, yupo, kalala katikati ya njia, anakuangalia kama vile anajiuliza utamaliza saa ngapi. Jina alipewa na Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya jirani, ambaye anakula kwetu kila mchana na anaamini sahani ya wali inakuja na ruhusa ya kusema chochote.

Kwetu ni mgahawa. Yaani mbele mgahawa, nyuma nyumba, katikati jiko na stoo. Mwenyewe ni Shangazi, dada yake baba. Mimi nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na Shangazi anasema kusubiri siyo kazi, kwa hiyo kazi ananipa yeye: kuosha masufuria, kujaza mapipa ya maji, na kubwa kuliko zote, kushika ufunguo wa stoo. Huo nilikuwa nimeuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hata kuoga nilioga nao.

Sasa asubuhi moja nipo kwenye masufuria, nasikia, "Wewe mtoto! Njoo hapa!"

Nikajua kimeumana. Shangazi akiwa na amani ananiita "baba". Akikuita mtoto, hesabu umekwisha.

Nikamkuta kasimama mbele ya kitanda cha Meneja, lile gunia kuukuu tulilomtandikia nje ya mlango wa jiko. Mkono mmoja kiunoni, mwingine unaonyesha chini.

"Hiki nini?"

Nikainama. Punje za mchele. Chache tu, kavu, zimetawanyika pale anapolala. Nyingine imenasa kwenye manyoya ya mkia wake. Mwenyewe kakaa pembeni anatutazama, utadhani mkutano kauitisha yeye.

"Mchele," nikasema.

"Wa nani?"

"Sijui, Shangazi."

"Mimi najua. Wangu. Mchele wangu naujua hata mkinifunga kitambaa machoni!"

Na hapo hajisifu bure. Kila asubuhi anachambua mchele kwenye ungo, vidole vinakimbia kama vinapiga kinanda, anatoa vijiwe huku anagombana na mteja aliyesimama dirishani, na hakuna mteja aliyewahi kuvunjika jino.

"Huyu mbwa analala stoo," akasema. "Analala juu ya gunia la wateja! Kaingiaje? Nani ana ufunguo?"

"Lakini Shangazi, mimi stoo nafunga. Nafunga, navuta, halafu navuta tena."

"Ahaa. Basi huwa anapita kwenye tundu la kitasa."

Punje zipo, ufunguo ninao mimi.

"Sikiliza. Jumamosi mlinzi wa kiwanda cha mbao anakuja kula. Siku zote ananiomba huyu mbwa. Safari hii nampa. Na huo ufunguo, lete."

Mlinzi si mtu mbaya, ila mbwa wake nimewaona. Mnyororo asubuhi, mnyororo jioni. Wamezunguka palepale mpaka wamechora duara kwenye udongo. Sasa Meneja na mnyororo wapi na wapi? Huyu ukimfungia geti kidogo tu, anaimba mtaa mzima usikie. Nilimlea mimi, tangu anaenea kwenye kofia yangu. Nikavua kamba ya ufunguo, nikampa Shangazi, shingo ikabaki nyepesi kama ya mtu aliyefukuzwa kazi.

Mnyama mwenye ruhusa ya stoo ni mmoja tu, Bibie, paka wa Shangazi. Anaingia kwa dirisha dogo la juu. Kazi yake ni panya, ingawa sijawahi kusikia panya akilalamika.

Nikaona hapa nisipotumia akili, Meneja anaondoka. Nikakung'uta lile gunia. Nikafagia mpaka sementi ikaona haya. Nikamchana mkia, punje hata moja isibaki. Halafu nikamfunga kamba kwenye mguu wa benchi, mbele ya wateja, mchana kweupe. Stoo imefungwa, na ufunguo Shangazi kauweka kifuani, kule ambako hata polisi hawapekui. Mchele ukionekana tena, basi hautoki stoo. Nilijiona wakili.

Watu wakajaa. Meneja naye akaanza mchezo wake mpya, ule aliouanza siku za karibuni: anakaa, miguu ya nyuma anainyoosha mbele, halafu anajiburuza makalio kwenye sementi, uso umetulia kabisa, kama bwana mkubwa kwenye gari.

"Oneni, Meneja leo anapiga deki!" Cheche akapiga kelele. "Mama, huyu muongeze mshahara!"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, mjinga mmoja. Meneja akainuka, akajinyoosha. Na pale alipokuwa amekaa, punje. Nyeupe, mbichi.

"Shangazi!" Nilifurahi utafikiri matokeo yametoka. "Njoo uone! Stoo imefungwa na mchele upo!"

Akaja na mwiko mkononi. Akaangalia chini, akaniangalia mimi, akaangalia mfuko wa suruali yangu.

"Umemmwagia wewe."

"Mimi? Ili iwe nini?"

"Ili mbwa abaki."

Lazima nikubali, hilo sikuwa nimelifikiria, na lilikuwa wazo zuri.

Cheche akameza tonge, akasema, "Mama, labda huo si mchele."

Kosa kubwa. Mwambie Shangazi nyumba inaungua, atakusikiliza. Usimwambie hajui mchele. Akainama, akaokota punje moja kwa vidole viwili, akaiweka katikati ya kiganja, akakiinua juu benchi zote zione.

"Nyinyi mnaokula hapa kila siku, semeni wenyewe! Huu si mchele? Mweupe, mzima, haujavunjika kokote, haujaliwa na..."

Punje ikajinyoosha.

Ikawa ndefu, ikajikunja, ikajinyoosha tena, ikaanza safari ya kuelekea kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta choo gizani.

Ukelele aliotoa Shangazi, karakana walizima mashine. Mwiko uliruka ukatua kwenye maharage ya mtu. Wateja wote, kila mmoja, wakainama juu ya sahani zao, wanaukodolea macho wali.

Cheche akauchokonoa wake kwa kijiko. "Wangu umetulia," akatangaza, akaendelea kula.

Hapo watu wakapasuka kwa kicheko, lakini Shangazi hakucheka. Yuko kwenye ndoo, anasugua mikono kwa sabuni ya kufulia kama anataka kuibadilisha ngozi.

"Sisubiri Jumamosi! Minyoo kwenye mgahawa wangu? Mbwa atoke leo!"

"Shangazi, nimpeleke kwa daktari wa mifugo. Tafadhali. Akisema hatibiki, mimi mwenyewe nampeleka kwa mlinzi."

Akanitazama. Akamtazama Meneja, ambaye alikuwa ameshalala njiani tena. Akaingiza mkono kifuani, akatoa hela ya daktari.

"Akisema hatibiki, usirudi naye."

Nikafunga punje moja kwenye kipande cha nailoni, tukaondoka.

Daktari ni mama mmoja mwenye buti za mpira, chumba chake kipo nyuma ya duka la vyakula vya kuku. Akainua ile nailoni kwenye mwanga wa dirisha.

"Tegu," akasema, kama mtu aliyekutana na jirani. "Ni mnyoo mrefu, bapa, anakaa utumboni. Hivi ni vipande vyake, vinakatika vinatoka huku nyuma. Vikikauka, punje ya mchele kabisa. Anajiburuza chini?"

"Anapiga deki."

"Vinamwasha, maskini. Na wewe ulikuwa unacheka."

"Kidogo tu, Daktari. Sasa anatibika?"

"Huyu? Vidonge tu. Mbebe, upande naye kwenye mizani."

Nikapanda naye, nikapanda bila yeye, daktari akatoa hesabu, akavikata vidonge, akavificha kwenye kipande cha nyama. Meneja alimeza bila hata kuuliza ni nini. Mimi nikageukia mlango.

"Usikimbie," daktari akasema. Alikuwa anapekua manyoya ya shingoni. "Tegu huyu anakuja na viroboto. Mbwa anajing'ata, anameza kiroboto, basi, kameza na tegu. Nikitibu tumbo mkaacha viroboto, mtarudi hapa hapa. Gunia lake choma. Nyumbani kuna mnyama mwingine?"

Nikahisi tabasamu linanijia, nikalizuia.

"Yupo mmoja. Anaitwa Bibie. Analala juu ya gunia la mchele."

Daktari akaacha kupekua.

Nyumbani Shangazi alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye hilo jina.

"Bibie? Bibie wangu anajilamba kutwa nzima!"

"Ndiyo hapo, Shangazi. Akijilamba ndipo anapommeza kiroboto."

Akatoa ufunguo, akafungua stoo mwenyewe. Bibie alikuwa amelala juu ya gunia jipya, ambalo kwa bahati lilikuwa bado limeshonwa mdomo. Shangazi akambeba. Pale alipokuwa amelala, upande wa mkia, punje kavu.

Shangazi akanyoosha vidole. Vikafika katikati, vikasimama.

"Huu unaweza kuwa mchele," akasema polepole.

"Si uushike basi, Shangazi."

Hakuushika. Alichomoa ujiti wa fagio, akauchokoa kwa mbali. "Kumbe mwenye kulala stoo ni huyu," akasema, siyo kwangu, kwa paka.

Siku zilizofuata nyumba iligeuka. Gunia la Meneja tulilichoma. Mchele ukahamia kwenye pipa lenye mfuniko, lile gunia tukalichemsha, dirisha la stoo nikaligongelea wavu. Meneja na Bibie wakapakwa dawa ya viroboto, na jikoni wote wawili marufuku. Vidonge vya Bibie ilibidi tumfunge kwenye taulo kama mtoto mchanga, na bado alimchora Shangazi mpaka kwenye kiwiko. Meneja alikaa kizingitini, akasimamia.

Deki akaacha. Cheche alilalamika kwamba sakafu imeanza kuchafuka.

Jumamosi mlinzi akaja, mnyororo begani. Akala, akafuta mdomo, akasema, "Haya Mama, mbwa wangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshika sufuria, na siku hiyo niliisugua sehemu moja tu.

Shangazi alikuwa anavuka na sinia la wali, na Meneja kalala pale pale, katikati ya njia. Akamruka bila hata kumwangalia chini.

"Yule? Yule ana kazi hapa."

"Kazi gani? Si analala tu?"

"Meneja," Cheche akamjibu, mdomo umejaa.

"Bila yeye nisingejua yanayoendelea stoo kwangu," Shangazi akasema. "Mnyororo huo kafungie baiskeli."

"Lakini kama kule kiwandani kuna panya," nikaingilia, "tunaye paka mmoja..."

Kitambaa cha kufutia meza kilinipata sikioni, barabara. Watu wakacheka, mlinzi naye akacheka, akaomba maharage mengine.

Shangazi akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo, kamba ya kiatu bado inaning'inia. Akaurusha, nikaudaka.

"Baba," akasema, "hebu kalete chumvi."

Nikaenda stoo. Meneja akanifuata mpaka mlangoni, akalala katikati ya njia, ikabidi nimruke na mimi.