Kurasa Zisizo na Mwenyewe

...na bado taa ile nyekundu inapepesa, inapepesa kama jicho lililoingia mchanga, maana yake mashine haijamaliza kumwaga kumbukumbu zake kwenye diski, na isipomaliza haiwashwi upya, na isipowashwa upya hakuna mgeni atakayepewa chumba katika hoteli hata moja ya kampuni, Malindi nzima, ndiyo maana Bwana Thuku, meneja, amesimama mlangoni akipumua kama nyati, naye Musyoka ameketi mbele ya skrini, mikono mapajani, mtulivu wa kuchorwa picha... "Bado, Musyoka?" "Bado kidogo, bwana, marehemu anaandika wasia," akatania, kwa sababu kutania ndiyo kazi aliyozaliwa nayo, hii ya kompyuta aliiokota njiani baada ya miaka ya kupiga redio melini, lakini hakucheka mtu, hata Kanze hakucheka, Kanze ambaye kwa kawaida humcheka hata akipiga chafya, ameketi kwenye stuli kando ya printa, leso ameifinyanga mkononi imekuwa kama kipande cha sabuni, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye kibodi mashine ilipoanguka leo, kama alivyokuwapo mara mbili zilizopita, na nani mwingine angekuwapo, zamu ya asubuhi ni yake, mtu akizimia getini utamfunga bawabu?... lakini Thuku ameshasema, mbele ya watu, safari hii tepu ya kumbukumbu hizo isipoonyesha kitu, msichana aende kwao Gede, aliyewekwa kwenye kibodi kuandika majina asigeuke kuwa wa kuua mashine. "Wazungu wameketi juu ya masanduku huko mapokezi kama wakimbizi, Musyoka." "Watachomwa na jua hata wakiwa ndani, bwana, ndilo walilolipia..." nyamaza, mzee, nyamaza, si kila shimo ni la kuziba kwa mzaha.

Wasia, amesema, wala hakukosea, maana kiini cha mfumo, ule moyo unaogawia kila programu nafasi yake, kikikabwa roho humwaga yote yaliyokuwa kichwani mwake kwenye diski, ili fundi aje kufunua kurasa za kumbukumbu moja moja aone kilichomuua, na mambo yalikwenda vizuri mpaka kichwa kikakua, mwaka jana kampuni ikaongeza kumbukumbu maradufu mara mbili na pale pa kumwagia kwenye diski pakabaki palepale, ikawa kama kumzika jitu kwenye jeneza la mtoto, lazima miguu ikatwe, ikakatwa, bila mtu kuuliza kama ugonjwa ulikuwa miguuni... ndipo yeye, Simeon Musyoka, mtu wa Machakos aliyeona Hamburg na Karachi na bandari nyingine ambazo hata jina hakumbuki kwa sababu alizozijua ni baa zake tu, akasema nitaupunguza mwago huu, niachieni, akaketi akaandika, kwa nini tumwage kila kitu, kurasa zenye sufuri tupu acha, kurasa za programu za wageni acha, Mjerumani gani aliua moyo wa mashine kwa kutaka chumba chenye neti, na kurasa ambazo jedwali la kiini, ile orodha ya nani kapewa upi, linasema hazina mwenyewe, hizo tupa kwanza kabisa, nani anapiga picha nyumba isiyo na watu?... na mwago ukapungua ukaenea kwenye tepu moja ya kutia mfuko wa koti, Thuku akamnunulia soda mbele ya ofisi nzima akamwita profesa, naye akainama kama weita, pumbavu, akainama mara mbili.

Tepu mbili zikaenda Ulaya kwa waliotengeneza mfumo, na jibu likaja kwa teleksi, hatuoni kosa, mchunguzeni anayeendesha, na nani aliyeisoma teleksi kwa sauti kama si yeye, nani aliyesema "Kanze, Ulaya wanakusalimu," na mtoto wa watu akacheka... "Mzee," Kanze anasema sasa, chini chini, "haki ya Mungu sikugusa kitu, nilikuwa naandika jina la mgeni tu," "Najua, mwanangu," naye hajui, anasema tu, kama mtu anavyosema pole... macho yakamtua kwenye mstari wa mwisho wa skrini, namba ya mahali kiini kilipokuwa kinashika kilipokata roho, akaifuata kwa mazoea, akairudia tarakimu kwa tarakimu, kwa maana mara ya kwanza aliifuata namba hiyohiyo mpaka ndani ya tepu akakuta ukurasa haumo, hauna mwenyewe, umeachwa, na mara ya pili vilevile, na mara zote mbili akasema aa, hiyo ni namba ya kiwewe, mtu akikata roho huropoka... lakini nani huropoka neno lilelile mara tatu?

"Ardhi ni ya kina Aly," alisema Bi Sidi, mama yake Kanze, siku ile ya Pasaka walipomwalika Gede wakamshindilia wali wa nazi mpaka mkanda ukaomba msamaha, akamtembeza shambani, "ardhi ni ya kina Aly, hati wanayo wao, lakini minazi hii niliipanda mimi, ile mitatu aliipanda marehemu baba yake Kanze, mkorosho ule ni wa shemeji," naye mtu wa bara akashangaa, mti na udongo vina wenyewe mbalimbali vipi, "sasa mimi nikiegemea hapa, mama, nimeegemea cha nani?" "Egemea tu, baba, huuli," na Bi Sidi akacheka, halafu akaacha kucheka, akamwambia wapimaji walikuja na minyororo yao, wakauliza mwenye hati ni nani, hakuna aliyeuliza apandaye ni nani, na kwenye ramani wakaandika pako wazi, "Wazi, baba! Na mimi nimesimama papo hapo nawakatia madafu"...

Wazi... jedwali linajua nani amepewa, halijui nani angali anapanda, na kuna mmoja humo ndani, pengine kile kipande kipya cha programu, cha kuhudumia vituo vya mapokezi, kilichokuja na kumbukumbu mpya, amerudisha ukurasa kwa karatasi na bado kila asubuhi anarudi kukwea, mpaka siku ukurasa anapopewa mwingine, wakutane juu ya mnazi mmoja, panga kwa panga, chini kianguke kiini na lawama imwangukie Kanze... na yeye, profesa, alikuwa mpimaji, alipita na mnyororo wake akaandika wazi, akawapelekea Ulaya picha ya shamba lisilo na mtu kisha akakubaliana nao kwamba hawaoni mtu. Nduku, mkewe, alimwambia zamani, hadithi zako za safari tamu, Simeoni, zina kila mtu, wewe tu ndiye usiyemo, kila panapouma unaruka... aliruka na hilo pia, alilifanyia mzaha.

Na bado yote yamo, hilo ndilo baya zaidi, mashine haijawashwa upya, kichwa kizima kingalimo, kurasa zote, zenye wenyewe na zilizoandikwa hazina, zinaweza kumwagwa moja kwa moja kwenye tepu, tepu juu ya tepu, mpaka chakula cha mchana kipite na Wazungu wageuke rangi ya kamba wa kuchemsha, au akae kimya, taa izime, Thuku aseme washa, akiwasha kila kitu kimefutika kama nyayo za pwani na tepu yake nzuri nyepesi itasema tena hakuna kitu... nyepesi, ndiyo, hata uongo ni mwepesi... atasemaje, zile tepu mbili nilizozipeleka hazikuwa na ushahidi kwa sababu niliutupa mimi, akatafuta mzaha wa kuanzia, akatafuta kila mfuko, hakuna, taa inapepesa, "Bado?" anasema Thuku, na Kanze amenyanyuka, anakunjua leso yake polepole, "Mzee, nianze kukusanya vyangu?" na Musyoka akaona mkono wake mwenyewe umeshafunika swichi ya kuwashia, kiganja kizima, asiifikie mtu, hakumbuki ulipokwenda.

"Kaa, mwanangu," akasema, bila kugeuka. "Na wewe, bwana, tafuta kiti. Nitakalosema halifupishiki."