Maji ya Barabarani Yanapiga Hodi

Jana usiku, wallahi, nimeota maji ya barabarani yamekuja kwetu kupiga hodi.

Kwanza ujue nililala na mawazo. Tangu nimalize form four, kitu pekee nilichofanya kikaeleweka ni bustani ya mvua pale mbele ya nyumba: shimo pana, chini kokoto, juu mchanga na udongo, nikapanda mchaichai. Maji machafu ya lami yaingie humo, yachujike, yazame, yasiende kuharibu kisima cha mtaa. Jana ikanyesha. Shimo likajaa, likagoma kunywa. Jirani yetu Mzee Likwelile akaja juu.

"Dogo, umetufugia mbu. Asubuhi nikikuta maji, nafukia na kifusi."

Mama akakubali. Iliniuma.

Basi, ndotoni shimo ni sebule. Kuna makochi yenye vitambaa. Mchaichai amekaa mlangoni, amejifunga kanga.

"Hodi!"

"Karibuni. Vueni viatu."

Matone yanaingia kwa foleni. La kwanza limevaa buti za oili chafu, la pili soksi za masizi.

"Shangazi, tumetoka gereji, tuna haraka."

"Kwangu hakuna haraka. Vua."

Yanavua. Vijidudu wa udongo wanatoka chini ya zulia, wanazichukua zile buti, wanazila kwa chapati. Mmoja ananiambia hazijakolea chumvi.

Matone yamejazana mpaka kwenye feni. Mlango wa chini haufunguki. Nagonga.

"Nani?" Ni udongo huyo.

"Mimi, Nasibu. Fungua bwana, asubuhi naletewa kifusi!"

"Nitafunguaje na umenikalia kifuani? Nani alikutuma unishindilie kama sakafu?"

Kweli, niliukanyagakanyaga, nikaupiga na bapa la koleo.

"Nilitaka upendeze."

"Nimependeza. Sipumui."

Nainuka, nachukua uma wa wali, natoboa, natoboa. Nyungunyungu wanapenya kwenye matundu: "Samahani kaka, samahani." Udongo unavuta pumzi, pazia zote zinaingia ndani. Matone yanashuka pekupeku, yananipa mkono. Mkono wa tone ni baridi.

Mara niko ndani ya kisima cha mtaa, natazama juu. Yanaingia yamechana nywele, yanauliza walipo wenyeji.

Nikaamshwa na kelele za toroli. Nikatoka mbio, hata shati sikuvaa.

Shimo halina maji. Hata kidogo. Udongo mweusi, laini, mchaichai umesimama wima.

Mzee Likwelile yuko ukingoni, kifusi chake bado kwenye toroli. Haangalii shimo. Anaangalia miguu yake, na kandambili zilizopangwa vizuri pembeni.

"Maji yameenda, sifukii," akasema. "Ila dogo, mbona nimevua viatu?"