Bahasha ya Feza

Kwa Marceline, karatasi isiyovikwa plastiki haikuwa karatasi. Mke huyu wa askari alikuwa amelala miaka kumi na minne chini ya bati linalovuja pale Base ya Kamina, na mvua moja tu ilikula cheti chake chote cha ndoa. Tangu siku hiyo kadi za ubatizo, za chanjo, hata picha ya marehemu mama yake, zote zilipita kwenye mashine ya mpiga fotokopi.

Basi binti yake Feza akaleta bahasha kutoka shuleni, yenye matokeo yake ya miaka yote. Shule ilikuwa imeifunga na kuipiga muhuri ili ifike chuo kikuu cha Moroko bila kufunguliwa, lakini hilo Feza hakulieleza. Alikuwa mbioni kwenda msibani Kaniama.

"Mama, unibekee yee muzuri. Njo ya université."

Marceline aliiweka vizuri kwa namna aliyoijua. Aliifungua, akavika plastiki ukurasa mmoja mmoja, akaibandika tena kwa bukari, ugali laini. Hapo ndipo alipoona kwamba muhuri, nusu huku nusu kule, haukutani tena.

Feza aliporudi aliipima mkononi. "Iko muzito, mama."

"Karatasi iko mingi," akajibu Marceline, akajifanya kushughulika na sufuria.

Wiki sita baada ya bahasha kutumwa, jibu la chuo likaingia kwenye simu ya Feza: bahasha ilifunguliwa njiani, hati hazikubaliki, nafasi za mwaka huu zimekwisha. Feza alilia, kisha akaapa kwamba ni kazi ya sekretari wa shule, mama Valérie, na umbea wake. Wakaenda shuleni wote wawili. Marceline alijiambia atasema njiani, njia ikaisha.

"Njo weye ulifungula enveloppe yangu!" Feza alimfokea yule mama mbele ya préfet, mkuu wa shule.

Valérie alivua miwani, akaonyesha muhuri mezani. "Mutoto yangu, miaka makumi mbili na tisa niko napiga cachet hapa."

Préfet alikwisha kuchukua kalamu amwandikie Valérie barua ya kumtaka ajieleze. Marceline akasogea hadi mezani.

"Ni minyi," alisema. "Njo minyi nilifungula. Nilipeleka ku plastifier, juu ya mvula."

Hakuna aliyemcheka, na afadhali wangemcheka. Feza alimtazama, kisha akampigia Valérie magoti kuomba msamaha. Kosa la mama, magoti ya mtoto! Marceline alitamani sakafu immeze.

Mwaka uliofuata Valérie aliandaa bahasha nyingine ya kupelekwa Moroko kwa ndege, akaigonga muhuri, akampa Feza. Marceline, aliyemsindikiza binti yake, alinyoosha mkono kuipokea, kwa mazoea tu. Feza aliihamishia mkono wa pili, akamrudishia sekretari.

"Mama Valérie," alisema kwa upole, "unibekee yee muzuri, mpaka siku ya avion."