Kipande cha Katikati

Mama Pazia alikuwa mwanamke wa kusema kweli, tena kwa sauti. Mteja akimletea kitambaa cha zambarau chenye maua ya kijani, alimwambia papo hapo kwamba pazia hilo litamfukuzia wageni. Mdogo wake aliponunua kochi jipya, yeye alilizunguka mara mbili na kuuliza kama dukani walikuwa wamebakiza hilo tu. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana, na kazi ya kushona mapazia haikumkaukia. Ndiyo maana si rahisi kueleza ilikuwaje mwanamke huyohuyo, kila Jumapili alasiri, akawa anaficha jibini kwenye mfuko wa aproni yake kama mwizi wa sokoni.

Wa kulaumiwa ni Bwana Miwani, kama mtu anaweza kulaumiwa kwa ukarimu. Huyu alikuwa mpima macho na muuza miwani, na duka lake lilikuwa chini kabisa katika jengo ambalo Mama Pazia alipanga vyumba viwili vya juu, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Alikuwa mgane, mrefu, mpole, mwenye kofia iliyochoka na mazoea ya kupiga mluzi akipanda ngazi. Siku aliyokuja kuchukua mapazia ya duka lake, alimkuta Mama Pazia kwenye kibaraza na chupa ya mvinyo mwekundu, ule mkavu usio na utamu aliokuwa akiupenda tangu ujana wake. Akakaribishwa glasi. Akasema mvinyo wa namna ile haunywewi hivihivi, akashuka ngazi mbio, akarudi na kitu ndani ya karatasi.

Ilikuwa jibini ya ukungu, laini, yenye mishipa ya buluu. Ilinuka kama soksi zilizosahauliwa kwenye begi la safari.

"Onja hii," alisema, macho yakimng'aa. "Naipenda kuliko kitu chochote kinacholiwa."

Mama Pazia akaonja. Ulimi ukafa ganzi, machozi yakamlengalenga. Akafungua mdomo aseme kama kawaida yake, mara akamwona yule mwanamume ameinama mbele, glasi imesimama hewani, anangoja neno lake. Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyewahi kungoja neno lake kwa hamu namna ile.

"Tamu sana," alisema.

Hapo ndipo alipojichimbia shimo. Tangu siku hiyo Jumapili ikawa siku ya mvinyo na jibini. Mama Pazia alitoa mvinyo, Bwana Miwani alileta jibini, ileile, na kila mara aliikata kwa makini kwa kisu kidogo, akampa mwenzake kipande cha katikati palipo na buluu nyingi zaidi, yeye akachukua vya pembeni. Mama Pazia alimega chembe, akaisukuma kwa funda kubwa la mvinyo, akasifu, na mwenzake akigeuka tu kuangalia barabarani, kilichobaki kikatumbukia mfukoni. Na kwa vile uongo mmoja haupendi kukaa peke yake, akajikuta anasifu kila kitu. Kofia nzuri. Mluzi mzuri. Hadithi yake ya treni iliyowaacha yeye na wenzake, nzuri mwanzo hadi mwisho. Maua ya plastiki aliyomletea, mazuri mno. Mwanamke aliyezoea kupasua jipu mchana kweupe, sasa kazi yake ikawa kumvisha mwenzake kilemba cha ukoka.

Aliyemfuma ni mdogo wake, mwalimu wa udereva, mwanamke asiyestuka hata gari likielekea mtaroni. Alikuja kuleta kitambaa, akaiona aproni imening'inia nyuma ya mlango, akaisogelea, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, kuna nini kimekufa humu?"

Mama Pazia akaeleza. Mdogo wake alicheka mpaka akakaa juu ya rundo la bitana.

"Yaani wewe! Wewe uliyeniambia kochi langu linafanana na kiboko! Mbona mimi hukunionea haya?"

"Wewe ni ndugu yangu. Ukikasirika utaenda wapi?" alisema Mama Pazia, akikunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa. "Yeye anaweza kushuka ngazi zile na asipande tena."

Mdogo wake aliacha kucheka.

"Kumbe umefika huko."

"Nimefika huko siku nyingi."

"Na akitaka kukuoa je? Utakula uvundo huu asubuhi, mchana na jioni?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliomba Mama Pazia kimoyomoyo kila akisikia mluzi kwenye ngazi, na hilohilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Alimtaka yule mwanamume. Alitaka kuamka na kumkuta. Jibini yake hakuitaka hata kwa mtutu wa bunduki.

Jumapili iliyofuata mluzi haukusikika. Bwana Miwani alipanda taratibu, mzito, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, na mikononi amekumbatia kitu cha duara kilichofungwa kwa kitambaa. Alikiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa. Makasi yakaruka.

"Mama Pazia," alisema. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Nimechoka kukuletea vipande. Nataka tule pamoja kila siku, maisha yetu yote yaliyobaki."

Akafungua kitambaa.

Ilikuwa jibini nzima, kubwa kama mto wa kochi, imeiva, inatoa jasho. Harufu ilijaa chumba, ikapanda kwenye mapazia ya watu yaliyokuwa yanangoja kuchukuliwa. Mama Pazia aliitazama na yote aliyoyameza tangu siku ile ya kwanza yakamkaba kooni, chembe baada ya chembe. Aliona kifungua kinywa. Aliona aproni zake zote.

"Sitaki!" alipiga ukelele. "Sitaki kabisa! Siwezi, hata kama ni dawa ya kuniponya!"

Bwana Miwani alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei asiyoiweza.

"Nimekuelewa," alisema. Akavaa kofia yake, mbele nyuma, akatoka.

Mama Pazia alibaki ameduwaa, mkono kwenye pua. Fahamu zilipomrudia, zilimrudia zote kwa mpigo: alikuwa ameulizwa swali moja, akajibu jingine. Akateremka ngazi bila viatu. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa, wa nyumbani kwake nyuma ya duka pia, na ingawa aligonga mpaka vidole vikauma, hakuna aliyefungua. Alirudi juu, akakaa chumba kimoja na jibini ile hadi kesho yake, madirisha yote wazi, akijitukana. Kuitupa hakuthubutu.

Asubuhi aliifunga vizuri, akaikumbatia, akashuka nayo. Bwana Miwani alikuwa na mteja. Mzee mmoja alikaa kwenye kiti cha kupimia, fremu nzito ya chuma usoni, na mpima macho alikuwa akimbadilishia lenzi huku akimwonyesha herufi ukutani.

"Hii," alisema, akibadilisha, "au hii?"

"Zote nzuri, daktari," alisema mzee kwa adabu.

"Tena tazama. Hii, au hii?"

"Nzuri zote. Ahsante sana."

Bwana Miwani alivuta kiti, akakaa mbele ya mzee. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hakulala.

"Mzee wangu, ukiniambia zote nzuri, mimi nitafurahi, na wewe utakwenda nyumbani ukagonge mlango. Sikukuweka hapa unifurahishe. Nataka uone. Lenzi mbaya niambie mbaya, sitakufukuza."

Mama Pazia, pale mlangoni, alihisi maneno yale yamemwingia kama pini. Alisubiri mzee apate lenzi zake, asogee upande wa pili kuchagua fremu, kisha akaiweka jibini juu ya kaunta.

"Nilichokataa ni hii," alisema. "Si wewe."

Bwana Miwani akamtazama, asielewe. Ikabidi aseme yote: ile chembe ya kwanza, funda la mvinyo, mfuko wa aproni. Alisema haraka, kama mtu anayeng'oa plasta kwenye kidonda chake mwenyewe.

"Kila Jumapili?" aliuliza Bwana Miwani.

"Kila Jumapili."

"Vile vipande vya katikati?"

"Vyote. Mfukoni."

"Mama Pazia!" Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, mwanamume yule alipandisha sauti. Mzee wa fremu akageuka. "Katikati ndipo penye utamu wote! Mimi nilikuwa natafuna maganda! Natafuna maganda, najinyima, ili wewe ule pazuri, na wewe unapeleka mfukoni?"

Mama Pazia hakujua acheke au alie. Alikuwa amefikiri kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiteseka kwenye kibaraza kile.

Hasira ya Bwana Miwani haikuwa na pumzi ndefu. Ilikwisha, na kilichobaki usoni kilikuwa kibaya zaidi.

"Basi na kofia yangu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Na maua? Kila kitu ulisema kizuri. Sasa hata ukiniambia unanipenda, nitajuaje?"

Hilo lilimchoma Mama Pazia mpaka kwenye mfupa, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Maneno mazuri yote alikuwa ameshayatumia kwenye jibini. Akapiga moyo konde, akaenda akakaa kwenye kiti cha kupimia, mikono juu ya magoti.

"Nipime," alisema.

Bwana Miwani alisita. Kisha mazoea ya kazi yakamshinda, akasogea mbele yake.

"Kofia. Nivae, au nitupe?"

"Tupa. Kwanza ichome, mtu asije akaiokota."

Kitu fulani kilicheza pembeni mwa mdomo wa Bwana Miwani.

"Mluzi?"

"Unaharibu wimbo palepale, kila mara, ngazi ya karibu na mlango wangu. Nikikusikia unapanda, nasaga meno."

"Maua ya plastiki?"

"Yako nyuma ya cherehani. Yanashika vumbi, na hiyo ndiyo faida yake pekee."

"Hadithi yangu ya ile treni iliyotuacha?"

"Hiyo naipenda," alisema Mama Pazia. "Kweli naipenda. Ila ungeishia pale mlipokimbia na sanduku. Yanayofuata ni usingizi mtupu."

Kadiri alivyozidi kuponda, ndivyo uso wa mwenzake ulivyozidi kufunguka. Mzee wa fremu alikuwa ameacha kabisa kuchagua, anasikiliza.

"Haya, na mimi nina langu," alisema Bwana Miwani. "Mvinyo wako."

"Mvinyo wangu umefanya nini?"

"Unanikausha meno. Kila Jumapili najiona kama nimelamba chaki yako ya kuchorea vitambaa. Mimi napenda mtamu."

Mama Pazia alikaa wima. "Mtamu? Kama sharubati ya watoto?"

"Kama sharubati ya watoto. Mwekundu, wa baridi, na ikiwezekana kwenye glasi kubwa."

Ilimuuma. Ilimuuma sana hasa, kwa sababu mvinyo ule aliuchagua mwenyewe, aliujua, aliuonea fahari. Akanuna. Akafikiria wateja wake wote na vitambaa vyao vya zambarau, na kochi la mdogo wake, akaona kumbe ndivyo wanavyojisikia. Kisha akamwona Bwana Miwani anavyotazama kununa kwake, kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amepata jibu linaloeleweka, akashindwa kujizuia, akacheka. Wakacheka wote wawili, na mzee naye akacheka, ingawa halikuwa jambo lake.

Walipotulia, Bwana Miwani alivua miwani yake mwenyewe, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Kuna moja limebaki," alisema. "Tuendelee kama sasa, wewe juu, mimi chini, tukionana Jumapili. Au tuishi pamoja, kila mtu na sahani yake na chupa yake. Hii, au hii?"

"Rudia ya kwanza," alisema Mama Pazia.

Akarudia.

"Na ya pili?"

Akarudia ya pili, taratibu zaidi.

"Ya pili."

"Hunifurahishi tu?"

"Bwana Miwani," alisema Mama Pazia, akimtazama usoni bila kupepesa, "tangu nimekaa kwenye kiti hiki, nimekufurahisha kwa lipi?"

Naye akafikiri. Alifikiri kwa dhati, kama afikirivyo juu ya macho ya mtu. Akapitia kofia, mluzi, maua, nusu ya treni, na jibini aipendayo kuliko kitu chochote kinacholiwa.

"Hakuna," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya mteja wake. "Hakuna hata moja."

"Basi niamini."

Na akamwamini.